Petra Ilitushinda Bei, Tukaenda Gede

Binti yangu ana miaka 11, na mwaka jana alitaka twende Petra. Aliiona kwenye simu ya binamu yake: ule mlango mkubwa uliochongwa katika mwamba mwekundu, na mbele yake ngamia wawili wamepiga magoti. Akaniletea simu jikoni nikiwa nasonga ugali. "Mama, hapa tunaenda lini?" Nikamwambia tutaona. Watoto wa Nairobi wanajua "tutaona" ina maana gani, lakini huyu wangu aliniuliza tena kesho yake, na kesho kutwa.

Basi nikapita kwa wakala mmoja wa safari mjini, ofisi ya ghorofa ya tatu, zulia safi, maji ya kunywa ya bure. Kijana akanifungulia kijitabu. Siku nane za Yordani: Petra, jiji la Amman, Bahari ya Chumvi ambayo ufuo wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, na usiku mmoja jangwani Wadi Rum. "Hii ni tatu kwa moja, madam," akasema. "Magofu, jiji, na maajabu ya asili." Alilitamka kama muuza sabuni ya unga. Kisha akaandika bei pembeni ya karatasi. Kwa pesa hiyo ningepata mawe ya kujengea ya Ndarugo lori kadhaa, pamoja na saruji ya kuyajengea.

Nahesabu kwa mawe kwa sababu ndiyo riziki yangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Eastlands, kati ya kinyozi na muuza kuku, na nimeshinda humo miaka kumi na minne nikipima misumari. Kijitabu nilikibeba nyumbani, nikakiweka chini ya redio, nikawa nakisoma jioni nikisubiri githeri iive. Kilikuwa na nchi nyingine pia, na kila ukurasa mtindo ni uleule: asubuhi gofu, mchana jiji, jioni maporomoko. Kama sahani ya hotelini, wali huku, nyama kule, mboga pembeni, visigusane. Nami swali langu lilikuwa la dukani tu. Huo mji ulijengwa kwa mawe gani? Yalitoka wapi? Chokaa nani alichoma? Kijitabu kimya.

Petra yenyewe nilipoisomea mahali pengine ndipo nilipoanza kuelewa. Wale Wanabataea, watu walioichonga, walikuwa jangwani, mvua yao ni ya kubahatisha, wakachonga mifereji kwenye kuta za lile bonde jembamba linaloingia mjini, wakajenga mabwawa na mahodhi ya kushika kila tone. Bila mifereji ile pasingekuwa na watu wa kuuchonga mlango binti yangu aliouona. Mwamba, maji na mji vilikuwa kitu kimoja. Ni wakala aliyevitenganisha ili avihesabu mara tatu.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama, kile chetu cha kuchangiana, ilikuwa Agosti. Pesa haikufika Yordani, lakini ilifika Pwani vizuri. Na Julai 2024 UNESCO ilikuwa imeuingiza mji wa kale wa Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Aibu niliyoipata siku niliposikia habari hiyo ni kwamba nimepita pale njia panda ya Gede si chini ya mara sita nikienda Watamu kuoga chumvi, na hata siku moja sijawahi kushuka.

Nikamwambia Baba twende naye. Baba ana miaka 74, ni mwashi mstaafu. Ujana wake aliumalizia kwenye nyumba za Buruburu miaka ya sabini, na mpaka leo tukipita huko hutuonyesha ukuta wake kama mtu anayeonyesha shamba. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita Mama. "Mama," akasema, "mimi niende kuangalia nyumba zilizoanguka? Si hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikizuia?" Lakini siku ya safari alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Treni sitaieleza sana. Tuliipanda Syokimau ikatushusha Miritini baada ya saa tano na ushei, na katikati tukaona ndovu wa Tsavo wamejimwagia vumbi jekundu mpaka wanafanana na vichuguu. Baba alilala kuanzia Emali hadi Mariakani. Alipoamka akasema hakulala.

Mombasa kwanza humfundisha mtu wa Nairobi adabu. Mji wa Kale, asubuhi ya kwanza, binti yangu alimkuta bibi mmoja amekaa barazani na buibui lake, akamrushia "Sasa!" kama tunavyosalimiana huku kwetu. Yule bibi akatazama saa ya mkononi. "Sasa ni saa tatu unusu, mwanangu." Nilitaka ardhi inimeze. Akamwita, akamshika mkono, akamfundisha shikamoo na jibu lake, akamrudisha kwangu na kifuko cha mabuyu mekundu. Kutoka hapo mtoto alimwamkia kila mtu, hata paka.

Nyumba tuliyolala ilikuwa kuukuu, nyuma kidogo ya barabara ya Ndia Kuu. Chumba kirefu kama behewa na chembamba kama behewa. Baba akakipima kwa hatua, kwenda na kurudi, halafu kwa upana. Haikufika mita tatu. Akaenda chumba cha pili: vilevile. Ghorofani: vilevile. "Fundi gani huyu anajenga makorido matupu?" akauliza. Mwenye nyumba, mtu wa makamo aliyevaa kikoi na fulana, hakujibu. Alinyoosha kidole juu.

Juu kulikuwa na boriti. Magogo ya mikoko, meusi kwa uzee, yamepangwa ukuta hadi ukuta, na juu yake vipande vya mawe vimeshindiliwa kwa chokaa kutengeneza sakafu ya ghorofa. Uzito wake si mchezo. Boriti inaubeba ule mzigo kwa upana wa mita mbili na nusu hivi. Ukiipeleka mbali zaidi itapinda, siku moja utakuta jirani wa juu yuko kitandani kwako. Kwa hiyo mtu akiwa na pesa nyingi hapanui chumba, anakirefusha, au anaongeza chumba kingine nyuma ya cha kwanza. Tajiri na asiye tajiri, upana ni mmoja.

"Ina maana mti ndio uliochora ramani," Baba akasema.

"Mti wa hapo baharini, mzee wangu," mwenye nyumba akamjibu. "Na mawe ni ya hapohapo."

Mimi nilikuwa nasikiliza kwa aibu ya kitaalamu. Miaka kumi na minne nauza mbao na nguzo, na nilidhani boriti ni boriti. Yule bwana akatuhesabia aina kwa vidole: fito ndizo nyembamba, halafu pau, halafu mazio, ndipo boriti, kisha nguzo. Kila unene na jina lake na kazi yake. Kwa karne nyingi, akasema, majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakauza tende na mazulia, yakangoja upepo ugeuke, kusi ikianza yakarudi yamesheheni boriti, maana nchi zile hazina miti. Nyumba za kule nazo zikawa na vyumba vyembamba. Hilo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile: kuna mtu Ghuba huko aliyekuwa akilala chini ya mkoko wa Lamu.

Ngome ya Yesu tulienda mchana, jua likiwa kali kupita kiasi. Wareno walianza kuijenga 1593, ramani ikichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na sehemu ya kuta zake si ukuta uliojengwa, ni mwamba wenyewe wa matumbawe ulioparuliwa mpaka ukasimama wima. Baba alisimama mbele ya ule mwamba muda mrefu kuliko mbele ya mizinga yote. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliuawa na maradhi na njaa zaidi ya risasi. Baada ya hapo ilipitia mikono mingi, Waingereza wakaifanya jela. Ni mahali pazuri, lakini nikiwa mkweli, ngome ni ngome. Mtu anayetaka kuijua Mombasa atoke humo haraka akakae barazani.

Jioni tulikuwa kule mbele ya Likoni, kwenye ukingo wa Mama Ngina, tukila mihogo iliyokaangwa na pilipili na ndimu, meli kubwa za makasha zikipita karibu mpaka unaweza kusoma majina yao. Vijana wanapiga picha, akina mama wamekunja miguu juu ya mikeka, mtoto wa mtu amepotea na amepatikana. Mombasa ni jiji lililokuwepo kabla ya Wareno na bado linakula mihogo. Hapo ndipo Baba alipoanza kuuliza kuhusu Gede: kama huku palibaki, kule pakaendaje?

Kabla sijafika huko, acha nitoe dukuduku. Tulikuwa tumelipia kwa simu malazi ya siku tatu upande wa Watamu, picha zake zina bwawa la kuogelea la buluu kama anga. Tulipofika, bwawa lilikuwepo kweli. Ndani yake mlikuwa na viti vya plastiki vimepangana vikingoja harusi. Maji hayakuwamo tangu lini, mlinzi hakukumbuka. Pesa yetu ya awali haikurudi mpaka leo. Binti yangu alishuka kwa ngazi za bwawa, akaketi kwenye kiti kimoja katikati, akasema, "Babu, hili nalo ni gofu." Tulihamia nyumba ya wageni ya mama mmoja Mgiriama karibu na stendi ya Gede, safi, chandarua hakina tundu, na asubuhi anakuletea mahamri na mbaazi bila kuuliza. Mara nyingine nitaanza na yeye.

Gede iko msituni, na jambo hilo hakuna picha inayolieleza. Unatoka kwenye barabara yenye bodaboda na redio, unakata tiketi, hatua hamsini na sauti zote zinazimika. Hewa inakuwa baridi. Mibuyu, mikwaju, na ile mikuyu ambayo mizizi yake imeukumbatia ukuta mpaka hujui nani anamshikilia mwenzake. Mji ulikuwa wa ekari 45, umezungushiwa kuta mbili, wa ndani na wa nje. Inakadiriwa watu 2,500 hivi walikaa humu. Ulianza karne ya 12, ukanawiri karne ya 15, na karne ya 17 ukaachwa. John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar alifika 1884. James Kirkman akaja kuuchimba kwa miaka kumi, 1948 hadi 1958. Jina lenyewe, Gede au Gedi, ni la Kioromo, maana yake kitu chenye thamani. Waliojenga waliuita vingine.

Hapo getini kima mmoja alishuka, akachukua ndizi mkononi mwa binti yangu, akapanda nayo juu ya ukuta wa karne ya 15 na kuimenya kwa utulivu. Maganda akatuangushia sisi.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole aliyemwita Baba "mzee wangu" kila sentensi. Alianza vizuri na karne na masultani, lakini baada ya dakika kumi aligundua kuwa mteja wake ameishia ukutani. Baba hakuwa anaangalia magofu. Alikuwa anayakagua. Alibisha ukuta kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti maji sokoni, akasikiliza, akasogea, akabisha tena. Akapitisha kiganja kwenye plasta iliyobaki kando ya mlango, plasta laini, nyeupe ya rangi ya maziwa mabichi. Akanusa vidole.

"Hii si saruji."

"Ni chokaa, mzee wangu."

"Chokaa ya nini?"

Kijana akamweleza. Mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya rundo kubwa la kuni, moto unawashwa, unaachwa uyaunguze mpaka yabaki meupe na mepesi. Kisha unga ule unanyeshewa, unapoa, unaachwa ukomae muda mrefu kabla haujatumika. Baba akatikisa kichwa polepole. Alisema saruji ya siku hizi inataka ujenge leo na uondoe mbao kesho; mtu aliyepiga plasta ile hakuwa na haraka ya kwenda popote. Akanionyesha pembe ya mlango, mawe yaliyochongwa safi, kingo zimenyooka, tofauti na mawe ya ukuta ambayo ni kokoto kubwa zilizofunikwa. Hayo ya mlangoni, kijana akasema, hayakuchimbwa nchi kavu. Yalikatwa baharini yakiwa hai bado, maana tumbawe la namna hiyo likiwa bichi ni laini, unalichonga kama sabuni, na likikauka linakuwa gumu moja kwa moja.

Binti yangu akainama karibu. Ndani ya jiwe la mlango palikuwa na vitundu vidogo vidogo, mamia, kila kimoja na umbo la ua, vimejipanga kama sega la nyuki. "Hiki kilikuwa mnyama?" akauliza. Wanyama wengi, kijana akamjibu, kila tundu mmoja. Siku mbili baadaye tulipanda mashua yenye kioo chini kwenye hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968. Kwa kuwa ni Agosti na kusi inavuma, maji hayakuwa maangavu kama ya Desemba, lakini tulipofika juu ya mwamba mmoja mkubwa mviringo wa rangi ya haradali alipiga kelele kiasi cha kumshtua nahodha: "Mlango! Babu, ule mlango!" Ni vitundu vilevile, sasa vina wenyewe ndani.

Sikuwahi kupata thamani ya pesa yangu ya chama kama dakika ile.

Mengine ya Gede nayataja upesi kwa sababu mtakwenda wenyewe. Kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, ambalo huwapa watafiti pa kuanzia kuhesabia. Kasri lenye nyua za kuamulia mashauri. Msikiti Mkuu. Nyumba zilizopewa majina kwa vilivyookotwa humo: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya kauri za pwani, zile simbi. Kwenye jumba dogo la makumbusho pana vyombo vya Uchina vya enzi ya Ming, shanga za Venice, mkasi wa Hispania. Vyoo vya ndani vyenye mahali pa kutawadhia, jambo ambalo Baba alilirudia kwa simu kwa watu watatu tofauti. Na fumbo moja: Wareno walifika Malindi 1498, wakakaa jirani miaka mingi, ni kilomita kumi na kitu tu kutoka hapa, lakini maandishi yao hayautaji mji huu hata kidogo. Ama hawakuuona, ama kuna aliyejua kunyamaza.

Ila pale nilipokaa mimi ni kisimani. Kipo kimoja karibu na Msikiti Mkuu, mdomo wake umejengwa vizuri, ukichungulia unaona giza na majani makavu. Wachimbuaji waligundua kwamba kiliongezwa kina. Mji ulipokuwa na nguvu, maji yalikuwa hapa juu. Baadaye wakachimba tena kuyafuata. Wapo wanaosema Wazimba, wapiganaji kutoka kusini waliopita pwani mwaka 1589, ndio waliouvunja mji, wapo wanaotaja kuhama kwa Waoromo kutoka kaskazini, na huenda yote yana sehemu yake. Mimi si mwanahistoria. Lakini mtu yeyote aliyekaa Eastlands akingoja mfereji utoe maji saa nane usiku atasimama kwenye kile kisima na kuelewa bila kuelezwa. Adui akivunja nyumba unajenga. Maji yakishuka unahama.

Na ulipohama, msitu ukarudi kuchukua vyake. Kuna mtende wa porini umeota katikati ya chumba kimoja kasrini, umesimama pale ambapo boriti zilikuwa.

Boriti hai tuliziona Mida, mwendo mfupi kutoka Gede. Ni hori la bahari lililoingia ndani, limezungukwa na mikoko, na wanakijiji wamejenga daraja la mbao la kupita juu ya matope hadi majini. Nendeni maji yakiwa yanatoka. Matope yanabaki yanang'aa, kaa wenye mkono mmoja mkubwa wanapungiana kama makanga wa matatu, na ndege wa miguu mirefu wanatembea kwa madaha. Mwenyeji wetu alitaja miti: huu mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui, ule mchu, unaovumilia chumvi zaidi, ule kule mkandaa, magome yake hutoa rangi. Siku hizi kukata ni kwa kibali. Baba aliushika mkoko mmoja, akaukadiria kwa mikono miwili. "Huu bado ni pau," akasema, na mwenyeji akacheka mpaka akaegemea kamba ya daraja.

Marafa nayo mkipata nafasi pitieni, kaskazini ya Malindi, korongo la udongo mwekundu, mweupe na wa chungwa lililoliwa na mvua likabaki minara minara. Wenyeji wanapaita Nyari. Hadithi yao ni kwamba palikuwa na matajiri waliooga maziwa ya ng'ombe wao badala ya maji, Mungu akakasirika akaidondosha nyumba yao shimoni. Wekundu ni damu yao, weupe ni maziwa. Nendeni jioni; mchana ni tanuri.

Watu dukani wakisikia nimerudi huanza kuniuliza kama ni lazima iwe Pwani. Si lazima. Wenye paspoti na siku kumi nawaambia Zimbabwe. Magofu ya Great Zimbabwe karibu na Masvingo yana ukuta unaofika mita 11 kwenda juu na hauna tone la chokaa wala udongo kati ya mawe. Wajenzi wake walisaidiwa na mlima: mwamba wa matale hupashwa na jua mchana, ukapoa usiku, ukabanduka wenyewe matabaka kama chapati. Wao wakayakata matofali. Umbali wa kutoka pale hadi maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, mita 108 za maji kuanguka, ni siku nzima barabarani, na katikati mna Bulawayo na barabara zake pana. Na hao nao si wageni kwetu: ndani ya magofu yale iliokotwa sarafu ya Kilwa. Dhahabu ilishuka bandari ya Sofala, ikapanda Kilwa, na Kilwa ndiyo iliyomjengea Sultani al-Hasan bin Sulaiman kasri la Husuni Kubwa juu ya bahari. Kilwa Kisiwani yenyewe ni ya mwenye subira. Ni mwendo wa saa kadhaa kusini ya Dar es Salaam, kisha mashua. Jiji changamfu hapo hakuna, hilo nakiri. Ukirudi Dar utalipata la kukutosha.

Na mwenye siku moja na mafuta ya gari apite barabara ya Magadi hadi Olorgesailie. Hakuna kuta. Kuna mashoka ya mawe yametapakaa chini yalipoachwa na viumbe waliotutangulia, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, kando ya ziwa ambalo sasa ni vumbi jeupe. Bebeni maji yenu.

Tulirudi Nairobi Jumapili usiku. Mfereji ulikuwa umekauka siku ya nne. Kwenye kiwanja cha jirani wamiliki walikuwa wameleta mashine ya kuchimba kisima, ikinguruma usiku kucha, tope la kijivu likiteremka barabarani hadi mlangoni mwa duka langu. Asubuhi Baba alichukua kikombe chake cha chai, akaenda kusimama na wale mafundi, binti yangu nyuma yake, akiwaamkia mmoja mmoja shikamoo mpaka wakachanganyikiwa.

Walirudi baada ya saa nzima. Wamefika mita 190, Baba akasema, bado ni mwamba mkavu. Cha zamani palepale kiliishia 120, kikatoa maji miaka michache, kikanyamaza. Binti yangu hakusema kitu. Alifungua kiganja, akatoa kipande kidogo cha jiwe jeusi alichopewa na fundi, kimelowa bado, akakitafutia mahali, akakiweka juu ya kijitabu cha Petra chini ya redio. Kiko hapo hadi leo. Karatasi imenyonya maji na ule mlango mwekundu umefutika nusu.